Ncha ya Pili ya Blanketi

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15 na Yohana 13:1-17

  

Kabla sijaendelea, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Tazama nguo uliyovaa. Shika ukosi wa shati lako, au ncha ya leso yako. Sasa jiulize: Ni nani aliyeifua nguo hii? Kama ni wewe mwenyewe, vema. Kama ni mke wako, au binti yako, au mama fulani aliyekuja na kwenda zake, basi mweke mtu huyo moyoni mwako mpaka tutakapomaliza mazungumzo yetu. Kwa maana leo nataka tuzungumze juu ya siku ya kufua nguo.

Huenda mwingine akasema, "Hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa katika ibada?" Ndugu yangu, Biblia haioni haya kutaja kazi hii. Malaki alipotaka kueleza jinsi Bwana atakavyowatakasa watu wake, alitaja sabuni ya mfuaji. Marko alipotafuta namna ya kueleza weupe wa mavazi ya Bwana Yesu kule mlimani, alimkumbuka dobi. Basi na sisi tusione haya.

Mimi nililelewa na nyanya yangu katika miteremko ya Mlima Kenya, miaka ya 1960. Siku ya kufua ilikuwa Jumamosi, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kanisa, na nyanya hakukubali mtu yeyote wa nyumba yake aingie katika nyumba ya Mungu na jasho la shamba mgongoni. Tuliamka mapema, tukafunga nguo katika shuka moja kubwa, tukateremka mtoni. Sabuni ilikuwa kipande kimoja cha mche, nacho kilikatwa kwa uzi ili kisipotee hata chembe. Kikiisha, nyanya alijua njia nyingine. Alitia majivu katika maji, akayaacha yatulie, kisha akayachuja na kuloweka nguo katika maji yale yenye ukali. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama ya mama yake pia, kabla duka halijajengwa katika sehemu zetu.

Pale mtoni palikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote. Maji ya kunywa yalitekwa juu, nguo zilifuliwa chini. Hakuna mtu aliyethubutu kufua mahali ambapo povu lake lingemfikia mwenzake anayeteka maji. Jiwe zuri la kufulia halikuwa mali ya mtu; aliyetangulia alimaliza, akampisha mwingine. Nasi watoto tulijua kwamba kila mama aliyekuwa pale alikuwa na ruhusa ya kutukemea.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni blanketi. Blanketi la sufu likilowa maji ni zito kama mtu mgonjwa. Mtu mmoja hawezi kulikamua. Ni lazima mtu ashike ncha hii na mwingine ashike ncha ile, watazamane, kisha mmoja asokote kuelekea kulia na mwingine kushoto, mpaka maji yashuke kama mvua.

Sasa, Jumamosi moja nyanya alikuwa amekosana na mama wa jirani. Sababu ilikuwa mbuzi aliyeingia katika shamba letu na kula majani ya viazi vitamu. Maneno yalikuwa yametupwa huku na huku, na kwa wiki nzima hawakusalimiana. Siku ile walikuwa mtoni wao wawili tu, pamoja na sisi watoto, ambao mikono yetu ilikuwa midogo. Nyanya alifua blanketi lake, akalisuuza, akasimama nalo. Alitazama juu, akatazama chini. Kisha akainua ncha moja, akamnyoshea yule mama, akasema, "Shika. Blanketi halijui habari za mbuzi."

Yule mama alicheka hata akaketi juu ya jiwe. Halafu akainuka, akashika. Walipomaliza la kwetu, wakakamua na la kwake. Jioni ile tulipopanda mlima kurudi nyumbani, nyanya alibeba nguo zilizolowa, na yule mama akabeba mtungi wetu wa maji.

Wasikilizaji wapenzi, sitaki mfikiri kwamba nawaita mrudi mtoni. Mto ulikuwa na taabu zake. Akina mama waliumwa migongo tangu ujana wao. Watoto walichukuliwa na maji wakati wa mafuriko. Na katika sehemu za joto, waliosimama ndani ya maji yaliyotulia waliambukizwa kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini.

Na hapa nikumbushe habari moja ya jirani zetu wa Ethiopia. Kule wako akina mama waliokuwa wakifua nguo kwa matunda ya mmea uitwao endod, ambayo yakipondwa hutoa povu kama sabuni. Mwaka 1964, katika mji wa Adwa, mtaalamu mmoja Mwethiopia, Aklilu Lemma, alitembea kando ya mto, akaona kwamba pale chini ya mahali walipokuwa wakifulia, konokono wengi walikuwa wamekufa. Alichunguza, akagundua kwamba ni yale matunda yaliyowaua. Basi ugunduzi uliosifiwa na wataalamu ulianzia katika povu la akina mama waliokuwa wameinama mtoni, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza neno. Yatupasa kukumbuka jambo hilo kila tunapompita mtu afuaye nguo bila kumtazama.

Baada ya siku za nyanya, mambo yalibadilika. Mabomba ya maji yalifika katika miji na baadhi ya vijiji, na kufua kukahamia uani. Tukanunua karai la bati, na baadaye beseni la plastiki. Tukatia buluu katika maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Tukapiga pasi ya makaa, tukiipepea mlangoni ili majivu yasidondoke juu ya shati la baba. Mijini walikuwako madobi. Jina hilo limetoka Bara Hindi, na kazi hiyo ilifanywa na wanaume. Vivyo hivyo, katika nyumba nyingi za Wazungu wakati wa ukoloni, waliofua na kupiga pasi walikuwa baba zetu. Basi yule kijana asemaye kwamba kufua ni kazi ya wanawake tangu zamani, na akaulize historia yake vizuri.

Kisha ikaja sabuni ya unga. Kule Ujerumani, mwaka 1907, sabuni ya unga iitwayo Persil ilianza kuuzwa, na wenye kuiuza waliwatangazia watu kwamba inafanya kazi yenyewe, pasipo kusuguasugua. Baada ya miaka mingi, unga wa namna hiyo uliingia katika maduka yetu. Na siku hizi, katika nyumba za wenye uwezo mijini, iko mashine ya umeme. Unatia nguo, unabonyeza kidude, unakwenda zako kutazama televisheni. Mashine inafua, inasuuza, na kukamua blanketi peke yake. Haihitaji mtu wa kushika ncha ya pili.

Tumshukuru Mungu kwa mambo hayo yote. Mgongo uliopumzika ni baraka. Lakini nataka kuwaambia neno moja: nguo haijawahi kujifua yenyewe. Sabuni yoyote itangazwe itakavyotangazwa, pana mkono mahali fulani. Pana mtu aliyeteka maji, aliyesugua ukosi, aliyeanika, aliyekimbia kuanua mvua iliponyesha. Zamani tulimwona mtu huyo uso kwa uso, akiwa ameshika ncha ya pili ya blanketi letu. Siku hizi twaweza kuishi miaka mingi bila kumwona. Na hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kubwa kuliko sabuni na mashine.

Sasa niwaambie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si jambo la kujivunia.

Nilipostaafu ualimu, nilihamia mjini kuishi karibu na watoto wangu. Sina mashine ya kufulia, na magoti yangu hayapendi kuinama. Karibu na lango la mtaa wetu huketi akina mama, wakingojea mtu awaite wakamfulie nguo. Mnawafahamu. Watu huwaita mama fua. Mmoja wao akawa anakuja kwangu kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi safi. Alifua nguo zangu kwa muda wa miaka mitatu.

Jumamosi moja alimaliza kazi saa kumi jioni. Kamba ilikuwa imejaa nguo, na katikati ilining'inia sare yangu ya ushirika wa akina mama, pamoja na kile kitambaa cheupe cha kichwani, cheupe hata macho yakaumia. Kesho yake ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, nami nilikuwa nimepewa zamu ya kuomba mbele ya kanisa. Akasimama mlangoni akingoja. Nilifungua mkoba, nikaona noti moja tu, ya shilingi elfu moja. Nikamwambia, "Mama, sina pesa ndogo. Utapita Jumatatu." Akasema, "Sawa, mama." Akaondoka.

Wasikilizaji, simu yangu ilikuwa juu ya meza. Tangu mwaka 2007 tumekuwa na M-Pesa, na mtoto mdogo ajua kutuma pesa kwa simu. Dukani palikuwa mwendo wa dakika mbili kwenda kuvunja noti. Lakini nilikuwa natayarisha maombi yangu, na sikutaka kusumbuliwa.

Jumapili nilivaa kile kitambaa cheupe. Nilisimama, nikaomba kwa maneno mazuri, na watu wakaitikia "Amina." Jumatatu nilikwenda kumsalimu mgonjwa, nikasahau. Jumamosi iliyofuata mama yule hakuja. Na ya pili hakuja.

Nikatoka kwenda langoni kumwulizia. Akina mama wale waliniuliza, "Unamtafuta nani? Jina lake nani?" Nikanyamaza. Miaka mitatu mwanamke yule alikuwa ameingia nyumbani mwangu, ameshika nguo zangu zote, hata zile ambazo hatuzianiki mbele ya watu, nami sikujua jina lake. Nilijua tu kumwita mama fua.

Kwa kumweleza jinsi alivyo, walimtambua, na kijana mmoja akanipeleka kwake. Nilimkuta akichambua mboga mlangoni. Alinikaribisha, akanipa kiti, kile kimoja alichokuwa nacho. Nikamwambia nimeleta deni lake na kwamba nimekosa. Hakunilaumu. Alitazama chini, akasema, "Mama, ile Jumamosi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watoto kwamba tutakula."

Hakusema zaidi. Na mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa muda wa miaka thelathini, ndipo nilipoielewa Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Pale Musa aliwaamuru Israeli wasimdhulumu mfanyakazi aliye maskini, akiwa ndugu yao au mgeni. Aliwaambia wampe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijashuka. Kwa nini? Kwa sababu mtu huyo ni maskini, na moyo wake umeutegemea ujira ule. Musa akaonya kwamba maskini huyo akimlilia Bwana, itakuwa dhambi juu ya aliyemnyima. Na Yakobo katika sura ya tano anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Nikahesabu saa. Jumapili ile niliposimama kuomba, kulikuwa na sauti mbili zilizopanda mbele za Mungu kutoka katika kitambaa kimoja cheupe. Moja ilikuwa ya mdomo wangu. Ya pili ilikuwa ya ujira uliokuwa ndani ya kitambaa kile, ambao haukulipwa. Nauliza, Mungu aliisikia ipi kwanza?

Nabii Yeremia, katika sura ya pili, aliwaambia watu wa Yuda kwamba hata wakijiosha kwa magadi na kwa sabuni nyingi, uovu wao bado uko mbele za Mungu. Sisi Wakenya twayajua magadi. Tuna ziwa lenye jina hilo kusini mwa Nairobi, na magadi yake yamechimbwa kwa biashara kwa zaidi ya miaka mia moja. Hutumika viwandani kutengeneza vioo na sabuni. Lakini hata ukilimwaga ziwa zima juu ya kitambaa changu, doa lile lisingetoka. Nguo ilikuwa safi. Mwenye kuivaa ndiye aliyekuwa na doa.

Je, doa la namna hiyo linaondolewaje? Injili yatuambia kwamba ni kwa damu ya Kristo, nasi twaamini hivyo kwa moyo wote. Lakini angalieni mahali alipoanza Bwana wetu usiku ule wa mwisho. Yohana 13 inatuambia kwamba aliinuka kutoka mezani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika bakuli, akawaosha wanafunzi miguu. Bwana wa utukufu alishika kazi ya yule ambaye hakuna aliyemjua jina. Petro aliona haya, akakataa. Lakini Yesu alimwonyesha kwamba asipokubali kuoshwa hana fungu pamoja naye. Na alipomaliza aliwaagiza watendeane vivyo hivyo. Basi yeye ambaye tunamwomba atuoshe, alikwisha kujiweka upande wa wale wanaoosha. Ukimdharau aliyeinama juu ya beseni, umemdharau mtu ambaye Bwana amesimama karibu naye sana.

Ndugu na dada, nimalizie kwa mambo matatu ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya kabla ya Jumapili ijayo.

La kwanza, lijue jina. Kama yuko mtu akufuliaye nguo, mwite kwa jina lake, ujue watoto wake ni wangapi na anaabudu wapi.

La pili, lipa kabla jua halijashuka. Usiseme "kesho" kwa mtu ambaye jioni yake inategemea mkono wako. Mkiafikiana bei asubuhi, isipunguzwe jioni kwa sababu ya soksi moja iliyopotea.

La tatu, shika ncha ya pili. Ninyi akina baba na vijana, mkimwona mama wa nyumba akipambana na blanketi, msimpite mkienda kutafuta gazeti. Wafundisheni wavulana kufua. Na kama kuna jirani au Mkristo mwenzako ambaye hamsalimiani kwa ajili ya mbuzi wa mwaka jana, huenda Mungu ameweka mbele yenu kazi moja ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza. Mnyoshee ncha.

Yule mama alirudi kwangu, ingawa hakuwa na lazima ya kurudi. Sasa namwita kwa jina lake, naye hulipwa kabla hajajifunga leso yake kuondoka. Mara moja kwa mwezi twafua mablanketi. Magoti yangu hayawezi kuinama, lakini mikono yangu bado ina nguvu kidogo. Yeye husuuza, kisha hunipa ncha moja, twatazamana, twasokota. Kila mara namkumbuka nyanya.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyejifunga kitambaa ukaosha miguu ya watu wadogo, utusamehe sisi ambao tumevaa usafi uliotoka katika mikono tusiyoijali. Wakumbuke wote wanaoinama leo juu ya mabeseni, mitoni na mabombani, na wale wanaongoja langoni wakitumaini kuitwa. Uwape kazi, na utupe sisi uaminifu wa kuwalipa. Utufumbue macho tumwone aliyeshika ncha ya pili, na ututakase ndani kama walivyozitakasa nguo zetu kwa nje. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.